Askari Mwenye Mapafu Mazima

Msukule, kama tulivyosimuliwa tangu utotoni, hana ulimi. Mchawi humchukua mtu, akawaachia jamaa zake gogo la mgomba walilie na kulizika, kisha yule mtu wao akamficha darini, akamlisha pumba na kumpeleka shamba usiku. Lakini kabla ya hayo yote humkata ulimi. Katika baadhi ya sehemu za Tanzania kiumbe huyo huitwa ndondocha, na sifa yake ni hiyo hiyo: bubu. Sababu haihitaji kufafanuliwa. Mfu anayetumikishwa ni siri ya bwana wake, na bwana gani atakayeipa siri yake ulimi?

Nimeanza na ulimi kwa makusudi, maana leo nataka kusimulia habari za mfu wa namna nyingine kabisa, aliyefufuliwa kwa ajili ya sauti yake tu. Alikuwa askari wa Kirumi. Jina lake halijulikani, kwa kuwa hata utenzi uliomfanya akumbukwe haukumpa jina. Na mshairi aliyemtunga alifariki akiwa na umri wa miaka 25, damu ikimtoka mishipani, akighani mistari yake mwenyewe juu ya askari mwingine aliyekuwa akifa.

Kwanza nieleze tatizo la lugha, kwa sababu wasomaji wa ukurasa huu hawatanisamehe nikilipita. Kiswahili kina majina tele ya viumbe wa upande wa pili: mzimu, mzuka, kizuka, pepo, msukule. Kina pia jina la makao yao, kuzimu. Lakini tendo la kumwita mfu ili aulizwe habari halina jina moja lililozoeleka. Mganga wetu hupiga ramli, na ramli ni mchanga, neno tulilolipata kwa Waarabu. Au hupiga bao. Mwenye kiti hupandisha pepo, na pepo husema kwa kinywa cha mtu aliye hai. Mzimuni watu hupeleka sadaka wakaomba, wala hawangojei maiti aketi awajibu. Wayunani walikuwa na neno la tendo hilo, lililoundwa kwa maneno mawili yenye maana ya mfu na uaguzi, na lugha za Ulaya zililichukua lote zima. Mimi nitasema uaguzi wa wafu, na msomaji mwenye neno bora na alilete.

Mshairi wetu aliitwa Marcus Annaeus Lucanus. Alizaliwa mwaka 39 B.K. huko Corduba, mji wa Hispania, mtoto wa ndugu yake Seneca mwanafalsafa. Alilelewa Roma, akapata elimu bora iliyopatikana wakati ule, na katika ujana wake alikuwa rafiki wa kaisari Nero. Utenzi wake mkubwa, ambao wengi huuita Pharsalia, una vitabu 10 na zaidi ya mistari 8,000, wala haukumalizika. Unasimulia vita vya wenyewe kwa wenyewe kati ya Julius Caesar na Pompeius. Msomaji wa Kiswahili humjua zaidi Caesar anayeuawa, yule tuliyeletewa na Mwalimu Nyerere alipoifasiri tamthilia ya Shakespeare mwaka 1963. Caesar wa Lucanus ni yule wa miaka michache kabla ya hapo, anayevuka mipaka na majeshi kuivamia nchi yake mwenyewe.

Majeshi hayo mawili yalikutana Pharsalus, katika nchi ya Thessalia huko Ugiriki, tarehe 9 Agosti mwaka 48 K.K. Kwa hesabu aliyoiandika Caesar mwenyewe, Pompeius alikuwa na watu 45,000 na yeye 22,000. Wa Pompeius walikufa 15,000 na wake 200 tu. Hesabu ya mshindi tuipokee kama ipokewavyo hesabu yoyote ya mshindi. Ni kweli, hata hivyo, kwamba Pompeius alishindwa vibaya, akakimbilia Misri, na kabla Septemba haijaisha alikuwa amechinjwa ufukweni na watu aliodhani watampokea.

Katika kitabu cha sita majeshi yamekwisha kupiga kambi Thessalia, na vita bado havijaanza. Kila mtu ana hofu, lakini hofu ya mtu mmoja ni kubwa kuliko ya wengine wote. Mtu huyo ni Sextus, mwana mdogo wa Pompeius. Lucanus hamheshimu hata kidogo. Anasema wazi kwamba kijana huyu hakustahili kuzaliwa na baba yule. Sextus haendi kwa makuhani wa Delphi wala kwa miungu inayojulikana. Anawataka wachawi, kwa kuwa Thessalia ilisifika kwa wachawi kama sehemu fulani za pwani yetu zinavyosifika, ambazo sitazitaja nisije nikapokea barua.

Mchawi anayemwendea anaitwa Erichtho. Anakaa makaburini, baada ya kuwafukuza humo wenye makaburi. Amekonda, amepauka, hatoki nje ila mbingu zinapofunga. Miungu humpa haja yake kwa ombi la kwanza, kwa kuwa huogopa kulisikia la pili. Usiku Sextus na wenzake wanamkuta ameketi juu ya jabali akijaribu maneno mapya ya uchawi, na sababu ya majaribio hayo ndiyo iliyonifanya niweke kitabu chini kwa muda. Anachelea vita visije vikahamia nchi nyingine. Anaona mbele yake maiti za maelfu ya Warumi, majivu na mifupa ya wakubwa, na anataka mavuno hayo yabaki kwake.

Kijana anamwomba amjulishe mwisho wa vita. Erichtho anafurahi. Kuna mapigano madogo yaliyokwisha kupita, na maiti za askari zimelala uwandani bila kuzikwa. Mbwa mwitu na ndege wanakimbia anapopita. Anazipekua maiti moja moja, naye hatafuti mtu wa cheo wala shujaa. Anatafuta mapafu. Anataka maiti ambayo mapafu yake hayana jeraha, yamesimama imara, kwa sababu aliyetobolewa mapafu hawezi kutoa sauti hata roho yake ikirudi. Anampata mmoja, anamtia kitanzi na kulabu shingoni, anamburura juu ya mawe hadi pangoni.

Nimesoma tafsiri kadhaa za mahali hapa, na kila mara huwaza jinsi Kiswahili kingelibeba jambo hili kwa wepesi. Sisi husema mtu amekata roho, na roho hapo ni pumzi kabla ya kuwa kitu kingine chochote. Pumzi, kupumua, kupumzika, na hata pumu ambayo wazee walilitumia kwa ugonjwa na kwa pafu lenyewe: jamii hii yote ya maneno inakaa kifuani. Mfasiri wa Kiingereza hulazimika kueleza kwa nini mchawi anapapasa mapafu. Mswahili hataeleza kitu.

Dawa yenyewe Lucanus anaitaja kwa urefu, na naweza kumsikia akifurahia kutaja. Mchawi anafungua majeraha mapya kifuani mwa maiti, anamimina damu ya moto, kisha sumu ya mwezi, povu la mbwa mwenye kichaa, matumbo ya simbamangu, kinundu cha fisi, macho ya joka, majivu ya ndege fenisi. Ndani yake mna pia samaki yule chazo, ambaye wazee wa Kirumi waliamini kuwa akiganda chini ya jahazi halisogei hata kwa tanga lililojaa upepo. Wavuvi wetu walimfunga chazo kamba mkiani wakamtumia kukamatia kasa. Kumbe kwa Warumi alikuwa kiungo cha uchawi. Fisi sina haja ya kumweleza, maana hata kwetu wachawi humpanda.

Kisha sauti. Erichtho anaanza kwa sauti isiyokuwa ya binadamu: ndani yake mna mbwa, bundi, nyoka, mawimbi yanayopiga mwamba, msitu na radi. Ndipo anapoingia kwenye maneno. Katika Kilatini neno moja lilikuwa na maana ya shairi na la maneno ya uchawi pia, yaani carmen, kama ambavyo neno vates lilikuwa la mtabiri na la mshairi. Lucanus humwita Erichtho vates. Alijua alichokifanya. Jambo hili halitamshangaza aliyekulia pwani, ambako watu hunyamaza ghafla wakisikia fulani amesomewa Albadiri. Nako huko majina yanayosomwa ni ya wapiganaji, watu 313 wa Badri. Ila hakuna anayemwamsha yeyote, na anayeombwa ni Mwenyezi Mungu. Nataja tu ili tuelewane kwamba maneno yaliyopangwa na kusomwa kwa sauti hayajawahi kuwa burudani peke yake.

Mzimu wa askari unakuja. Unasimama kando ya mwili wake uliopasuliwa, nao unaogopa kuingia. Ni mfu mchanga, hakuwa amevuka bado, alikuwa kizingitini tu, na sasa anatazama kifua chake kilichowazi na anakataa. Erichtho anakasirika, anaichapa maiti kwa nyoka hai, anawatishia miungu ya kuzimu kwa majina ambayo hawapendi kutajiwa. Damu inapata joto. Maiti hainuki kiungo kimoja kimoja kama mtu aamkaye. Inaruka na kusimama mara moja. Macho yamekodoka, uso umekauka, na haisemi mpaka iulizwe. Mchawi anamwahidi ujira mmoja: akisema kweli, mwili wake utachomwa kwa namna ambayo hakuna mchawi mwingine atakayeweza kumwita tena milele.

Huyo alikuwa askari wa Pompeius. Erichtho mwenyewe anakumbusha jambo hili katika maombi yake: kivuli kinachotakiwa kumtabiria mwana wa jemadari ni cha askari ambaye muda mfupi uliopita alikuwa wa upande wao. Maana yake ni kwamba mtu huyu aliuawa akimpigania baba, kisha akaburutwa kwa kulabu ili amtumikie mwana. Lucanus halitilii mkazo, na mimi naona hapo ndipo penye kutisha kuliko fisi na majoka yote.

Askari analia, kisha anasema. Hakuona nyuzi za majaaliwa, kwa kuwa aliitwa kabla ya kufika. Ila amesikia kwa wafu wengine kwamba huko chini Warumi wamegawanyika vilevile. Wema wana nyuso za huzuni. Wakorofi wa zamani, walioasi dola, wanashangilia na kukata minyororo. Mshindi anaandaliwa adhabu. Nyumba ya Pompeius imetengewa mahali pa amani. Wanaogombana leo wanagombea kaburi tu: nani azikwe kando ya mto Nile, nani kando ya Tiber. Na kijana asiulize zaidi. Ila aziogope pande zote tatu za dunia iliyojulikana.

Msomaji wa Lucanus aliyajua yaliyofuata, hivyo hakuhitaji mfasiri. Pompeius aliuawa Misri, Afrika. Mwanawe mkubwa, Gnaeus, aliuawa Hispania, Ulaya, baada ya vita vya Munda mwaka 45 K.K. Sextus mwenyewe aliuawa Miletus, Asia, mwaka 35 K.K. Mfu alisema kweli tupu, na haikumfaa kitu yeyote aliyeisikia.

Baada ya hapo maiti inasimama kimya na kwa huzuni, ikiomba kifo. Haiwezi kufa yenyewe, kwa sababu mauti yamekwisha kutumia haki yake mara moja. Erichtho anajenga rundo la kuni. Askari analiendea kwa miguu yake, analala juu yake, na mchawi anawasha moto na kumwacha afe. Ahadi aliitimiza.

Historia haina habari za usiku huo. Sextus hata hakuwako Pharsalus. Alikuwa kisiwani Lesbos pamoja na mke wa baba yake. Lucanus alibuni, na alibuni akimlenga mtu. Miaka kama 80 nyuma yake Virgilius alikuwa ameandika utenzi wa taifa la Roma, na katika kitabu cha sita, hicho hicho cha sita, shujaa Aeneas anashuka kuzimu akiwa hai na kuonyeshwa roho za Warumi wakuu wanaongoja kuzaliwa. Lucanus akaugeuza mwendo huo juu chini. Hakuna anayeshuka, mfu ndiye anayevutwa juu. Hakuna wanaongoja kuzaliwa. Wote wamekwisha kufa, na wazuri wanalia. Mtu aliyeishi chini ya Nero aliweza kuyaweka maneno hayo kinywani mwa nani, ikiwa si cha maiti isiyo na jina?

Karne kadhaa baadaye, katika karne ya 3 au ya 4, mwandishi Heliodorus wa Emesa, mji wa Shamu, aliandika riwaya ndefu kwa Kiyunani juu ya binti wa mfalme wa Ethiopia. Humo pia, na kwa sadfa ya ajabu tena katika kitabu cha sita, mna askari anayefufuliwa. Safari hii anayemfufua ni mama yake. Vita vimepita karibu na kijiji cha Bessa huko Misri, na kikongwe mmoja anamlilia mwanawe aliyeuawa. Usiku anachimba shimo, anawasha mioto miwili, anamlaza maiti katikati, anamimina asali, maziwa na divai, anajikata mkono na kunyunyiza damu motoni. Anamwinua mwanawe na kumuuliza kama ndugu yake, mtoto pekee aliyebaki, atarudi salama kutoka vitani. Maiti inatikisa kichwa tu, jibu lisiloeleweka, kisha inaanguka. Mama anamwinua tena kwa maneno makali zaidi. Ndipo mwana anaposema. Anamwambia kwamba alikuwa akimhurumia. Kwamba amevunja sheria ya ubinadamu. Kwamba ndugu yake hatarudi, na mama mwenyewe atakufa kwa chuma. Haupiti muda, kikongwe anajikwaa gizani na kuangukia mkuki uliosimama kati ya maiti.

Ile mara ya kwanza, alipotikisa kichwa bila kusema, ndiyo ninayoiona kuwa tendo la mwisho la mtoto kwa mama yake. Alikuwa na haki ya kunyamaza, akaitumia, akanyang'anywa.

Hapa msomaji wa Kiswahili atakuwa amekwisha kumkumbuka Fumo Liyongo, na pia mama yake. Katika utendi alioutunga Muhammad Kijumwa huko Lamu mwaka 1913, Liyongo anachomwa kitovuni kwa sindano ya shaba na mwanawe mwenyewe, usingizini, kwa ahadi ya kuozwa binti wa mfalme. Anaamka, anachukua uta na mishale, anakwenda kisimani, anapiga goti, anapachika mshale, na hapo anakufa akiwa amelenga. Mji hauthubutu kukisogelea kisima. Wenye vyombo wanarudi watupu. Wazee wanamwendea mama yake, wanamsihi akambembeleze mwanawe, na mama anakwenda, anamwimbia, anashangaa kwa nini mtoto aliyekuwa akimsikiliza sikuzote leo hamgeukii. Siku zinapita. Mwisho mwili unaanguka wenyewe, na watu wanajua kuwa walikuwa wakimwogopa mfu.

Visa hivi havihusiani kwa asili, wala sidai kwamba Kijumwa alimsoma Mrumi au Myunani yeyote. Ninachokitazama ni kile ambacho hakimo Lamu. Mji uliokuwa na kiu haukuleta mganga. Mama hakuchimba shimo. Hakuna aliyemshurutisha Liyongo atamke ni nani aliyemchoma, ijapokuwa sindano ilikuwa hapo hapo mwilini ikingoja kuonekana. Alimaliza kunyamaza kwake kwa wakati wake. Nimewahi kumsikia mtu akilalamika kwamba utendi ule ungekuwa na nguvu zaidi kama Liyongo angesema maneno ya mwisho. Sikubaliani naye, na Lucanus ndiye aliyenipa hoja.

Nirudi basi kwake. Urafiki wake na Nero ulivunjika. Nero naye alijiona mshairi, na Tacitus mwanahistoria anaandika kwamba kwa wivu alizuia mashairi ya Lucanus yasienee. Mwaka 65 kijana huyo akaingia katika njama ya kumuua kaisari, iliyoongozwa na Piso. Njama ikafichuka. Wakaanza kukamatwa mmoja mmoja, na kuulizwa.

Tacitus anasimulia kwamba Lucanus alikana kwa muda mrefu. Kisha akaahidiwa kwamba hataadhibiwa, akasema. Jina alilolitoa lilikuwa la Acilia, mama yake mzazi.

Naujua uzito wa sentensi hiyo, na sikuiandika kwa haraka. Mtu aliyemtunga Erichtho, aliyejua bei ya sauti inayotolewa kwa kulabu na kwa ahadi ya kuachwa kwa amani, alipofika yeye pangoni alisema, tena si kweli juu ya wafu bali jina la aliyemzaa. Tacitus, ambaye hana huruma nyingi, anaweka kando yake mfano wa mwanamke. Epicharis, aliyekuwa mtumwa akaachwa huru, aliteswa siku nzima kwa mijeledi na moto wala hakumtaja mtu. Kesho yake alibebwa kitini, kwa kuwa viungo vyake haviwezi kumbeba, na njiani akajinyonga kwa ukanda aliojivua kifuani. Mwandishi anasema alitoa mfano kwa kuwalinda watu baki, wakati wanaume waungwana, ambao mateso hayajawagusa, walikuwa wakiwasaliti wapenzi wao. Epicharis hakuandika hata mstari mmoja. Naye, kama Liyongo, alilenga mpaka mwisho.

Ahadi aliyopewa Lucanus haikutimizwa. Katika hili Nero alikuwa chini ya Erichtho. Tarehe 30 Aprili mwaka 65 akaamriwa kufa. Damu ikatoka. Alipohisi miguu na mikono inapoa, na roho inamtoka polepole kuanzia ncha za mwili huku kifua kikiwa bado na joto na akili ikiwa timamu, alikumbuka shairi lake ambamo alimsimulia askari aliyejeruhiwa akifa kifo cha namna hiyo. Akaighani mistari ile. Hayo yakawa maneno yake ya mwisho.

Tacitus hasemi ni mistari ipi. Wengine humtaja askari wa kitabu cha tisa, aliyeumwa na nyoka jangwani Libya hata damu ikamtoka kila mahali. Wahakiki wengi humtaja Lycidas, wa kitabu cha tatu, katika vita vya baharini vya Massilia, mji ambao leo ni Marseille, Ufaransa. Mkono wa chuma wa kunasia meli ulimdaka Lycidas, ukawa unamvuta baharini. Wenzake wakamshika miguu. Akachanika vipande viwili. Damu haikuruka kama itokavyo jerahani, ilichuruzika taratibu kutoka katika mishipa iliyokatika. Sehemu ya chini ya mwili ikafa mara moja. Lakini pale palipo na mapafu, anasema Lucanus, mauti yalikwama. Yalihangaika muda mrefu na nusu ile ya mtu, yakaipata kwa taabu.

Nami nashika la Lycidas. Mwenye kulitunga alikuwa amepoa miguu na mikono, amebakiwa na kifua, na hapakuwa na mtu aliyemshurutisha kusema lolote tena.

Baba yake alikufa kwa kujikata mishipa mwaka uliofuata, baada ya kushitakiwa kwa barua iliyoghushiwa kwa jina la mwanawe. Kuhusu Acilia, Tacitus ana maneno machache sana: hakuachiliwa wala hakuadhibiwa. Alipitwa tu.